Mabao 18

Mwezi Agosti 2024, siku chache baada ya Michezo ya Olimpiki ya Paris kufungwa, nilikuwa nimeketi kwa kinyozi wangu, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imekwisha na nusu bado. Redio ilikuwa ikieleza kwamba wanamichezo wetu wamemaliza michezo hiyo bila medali. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akasema, "Wasindikizaji hao wanarudi." Wenzake wakacheka. Mwingine, mtu mzima kidogo, akaongeza kwamba hawa wa leo wana nafuu, maana wale wa zamani walikwenda Moscow kucheza mpira wa magongo wakachapwa 18 kwa bila na Wahindi. Kicheko kikazidi. Kinyozi mwenyewe akazima mashine ili acheke vizuri.

Nikasema, "Na Wamarekani walipigwa 24." Hakuna aliyeitika. Nadhani walidhani mzee ameanza kupotewa na hesabu. Nikanyolewa nusu iliyobaki, nikalipa, nikarudi nyumbani nimekasirika, na sura hii ni matunda ya hasira hiyo. Msomaji anayetaka maneno ya upole aifungue sura inayofuata.

Kwanza nieleze mapenzi yangu ya mchezo huu yalikotoka, maana wapo wanaodhani kuwa Mwafrika wa umri wangu hawezi kuupenda mpira wa magongo ila kwa kujidai. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na sisi watoto wa kota tulikuwa tukienda kila Jumapili jioni kwenye kiwanja walichochezea Masingasinga na Magoa. Tulisimama nje ya uzio. Kazi yetu ilikuwa kuokota mpira unaporuka nje, ule mpira mweupe mgumu kama jiwe, na kuurudisha mbio. Aliyerudisha mingi alipata senti 10. Siku moja mchezaji mmoja mwenye kilemba alivunjikiwa na gongo lake, akanitupia vile vipande viwili. Nilivifunga kwa waya wa simu, nikapaka lami pale penye ufa, na kwa gongo lile nilicheza miaka miwili pale kota, mpira wetu ukiwa embe bichi. Asiyejua utamu wa kuudhibiti mpira kwa upande mmoja tu wa gongo, ule ulio bapa, huku mwenzio anakuja kwa kasi amekuinamia, huyo hawezi kuelewa ninachokisema, naye simlaumu.

Sasa turudi Moscow. Mwezi Julai 1980 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu mikoani. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera mwaka uliotangulia; sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na betri za redio zilikuwa za kuombana. Katika chumba cha walimu tulikuwa na redio moja, nasi tulizianika betri zake juani ili ziamke kidogo kabla ya taarifa ya habari ya jioni. Wakati ule wote tulikuwa tukiwangoja Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, nao hawakutuangusha: Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi leo ninapoandika, hizo ndizo medali mbili tu za Olimpiki tulizowahi kuzipata. Na ni katika michezo hiyo hiyo, chini ya bendera hiyo hiyo, timu yetu ya mpira wa magongo ilipoingia uwanjani na India.

Ilikuwaje tukawa pale? Marekani ilikuwa imeigomea michezo ile kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, na nchi nyingi zikaifuata. Katika mpira wa magongo pengo lilikuwa kubwa kuliko watu wanavyokumbuka. New Zealand, mabingwa wa 1976, hawakuwapo. Pakistan hawakuwapo. Ujerumani Magharibi na Uholanzi hawakuwapo. Australia ilipeleka wanamichezo wengine lakini timu yake ya magongo ilibaki nyumbani. Kenya, jirani zetu ambao kwa miaka mingi ndio walioubeba mchezo huu katika Afrika, nao waligoma. Basi zikatafutwa timu za kujaza nafasi, tukaitwa sisi, wakaitwa Wakuba, jumla zikawa timu 6.

India walitufunga 18 kwa bila. Hispania walitufunga 12 kwa bila. Wasovieti 11 kwa 2, Wapolandi 9 kwa 1, Wakuba 4 kwa bila. Jumla ya mabao 54 katika mechi 5, nasi tukafunga 3. Kisha tukacheza tena na Cuba kugombea nafasi ya tano, tukafungwa 4 kwa 1. Nimeziandika zote ili mtu asiseme kwamba Mwalimu anaficha.

Lakini tazama na upande wa pili wa ukurasa. Wale Wasovieti waliotufunga 11 ndio waliopata medali ya shaba, na ndio waliokuwa wenyeji, nasi tuliwafunga mabao 2 kwao. Wakuba walitufunga 4 kwa bila mara ya kwanza. Siku chache baadaye zilikuwa 4 kwa 1. Mimi nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka 30, na nakuambia, mwanafunzi aliyepata sifuri Jumatatu akapata 1 Ijumaa hafukuzwi shule. Mwalimu wake anaulizwa atafundisha nini wiki ijayo.

Na hao wachekaji wangefungua vitabu wangekuta nini? Wangekuta kwamba mwaka 1932, katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, timu zilizoshiriki mpira wa magongo zilikuwa 3 tu: India, Japani na Marekani. India waliwafunga Wajapani 11 kwa 1. Wakawafunga Wamarekani, nyumbani kwao, 24 kwa 1. Japani nao wakawafunga Wamarekani 9 kwa 2. Na kwa kuwa timu zilikuwa tatu, Wamarekani walioshindwa mechi zote mbili walivishwa medali ya shaba, na medali hiyo imo katika hesabu zao hadi leo. Sijapata kusikia Mmarekani akiitwa msindikizaji kwa ajili hiyo.

Wangekuta pia kwamba India hao hao walioondoka Moscow na dhahabu, miaka miwili tu baadaye, katika fainali ya Michezo ya Asia ya 1982 iliyochezwa Delhi, mbele ya watu wao wenyewe, walifungwa na Pakistan 7 kwa 1. Na mwaka 2018, katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake mjini London, Ireland walifungwa na Uholanzi 6 kwa bila. Wanawake wale wa Ireland walikuwa watu wa kazi zao na masomo yao, ambao walikuwa wakitoa fedha mfukoni ili waichezee nchi yao. Waliporudi Dublin na medali ya fedha walipokewa na umati barabarani. Mabao 6 katika fainali, na watu wakapiga makofi! Sisi tungewatungia wimbo wa kuwadhihaki kabla ndege haijatua.

Hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi, alipokuwa Rais, aliufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayetaka kujifunza kunyoa hujifunzia hapo. Lilikuwa neno la uchungu la mzee aliyependa watu wake, na lilisemwa ili tuamke. Sisi tukaligeuza mzaha, tena kibali. Tangu hapo ukimuuliza mtu kwa nini timu fulani ya Taifa haina viatu, haina mwalimu, haina kambi, atakujibu kwa kicheko: si kichwa cha mwendawazimu hicho? Kana kwamba kichwa kile kilijichagulia wembe.

Hoja ya pili ya wachekaji, nayo husemwa hata na watu wasomi, ni kwamba mpira wa magongo haukuwa wetu kamwe. Ulikuwa mchezo wa Wahindi, na walipoondoka waliondoka nao. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu inadumu.

Kweli, timu za Kenya za miaka ile zilijaa Masingasinga na Magoa. Avtar Singh Sohal, beki ambaye mashabiki walimwita Tari, alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972, na mara tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Mwaka 1964 kule Tokyo, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, timu hiyo ilishika nafasi ya 6 duniani. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa, lililochezwa Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na Hispania 1 kwa bila. Kisha ikagombea nafasi ya tatu na India, ikafungwa 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Nafasi ya nne duniani. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Timu ya kutoka Nairobi ilibakiza bao moja kuitoa India katika medali za dunia. Leo ukiwauliza vijana 100 wa Afrika Mashariki, sidhani kama utampata mmoja anayejua, ila wote wanajua Moscow.

Sasa nani aliwaondoa? Hawakuondoka kwa kuchoka na hewa ya huku. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na mwaka 1968 Waingereza nao wakafunga mlango wao haraka haraka kabla wengi hawajaingia. Uganda ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia. Tarehe 26 ya mwezi huo huo Olimpiki ya Munich ikafunguliwa, na timu ya magongo ya Uganda, iliyokuwa na wachezaji wengi wa asili hiyo hiyo, ikaingia uwanjani na jina la Uganda kifuani. Mimi nimewahi kuwaza sana juu ya watu wale. Unacheza kwa ajili ya nchi ambayo nyumbani mama yako anafungasha masanduku kwa amri yake. Mtu anayesema "waliondoka na mchezo wao" aitamke sentensi hiyo mbele ya mmoja wao.

Na si kweli kwamba mchezo uliondoka nao wote. Kenya ilirudi Olimpiki ya Los Angeles 1984 na ya Seoul 1988, na katika timu hizo, pamoja na akina Singh waliobaki, walikuwamo akina Lucas Alubaha na Peter Akatsa. Watu weusi, Wakenya wa kawaida, waliojifunza gongo kama wengine walivyojifunza kandanda. Kwa hiyo mchezo ulikuwa umekwisha kupata wenyewe wapya, na kama baada ya 1988 haukuonekana tena Olimpiki, tusimsingizie Singasinga aliyehamia Southall.

Hapa sina budi kusema ninayoyajua zaidi kuliko ya Moscow na Barcelona, nayo si ya kujivunia.

Mwaka 1986 nilifanywa mkuu wa chuo. Chuo kilikuwa na timu ya wasichana ya mpira wa magongo, iliyoanzishwa na mkufunzi mmoja wa kike aliyesoma shule ya bweni ya zamani ya wasichana, mahali ambapo walimu wa Kizungu waliwafundisha mchezo huo. Magongo yalikuwa machache na mabovu. Katika mwaka wangu wa kwanza niliandika barua kwa ofisi moja ya juu kuomba "magongo 22 kwa ajili ya wanachuo". Nilipokwenda kufuatilia, ofisa aliitoa barua yangu kwenye jalada, akaiweka mezani, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa kama ninataka chupa au madebe. Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Nami nikacheka, maana mkuu wa chuo anayeomba gongo serikalini ni kichekesho kweli. Lakini nilitoka mikono mitupu, na tangu siku ile nikawa naona aya kuutaja mchezo ule kwa jina lake.

Mwaka huo huo timu yetu ilikwenda kucheza na wasichana wa sekondari moja ya mjini, ikafungwa 9 kwa bila. Mwaka uliofuata tukaalikwa tena, na safari hii yangekuwapo mashindano ya timu 4. Nahodha wa timu, msichana mwembamba wa mwaka wa pili, alikuja ofisini kwangu na mwaliko ule.

"Shikamoo Ndugu Mkuu."

"Marahaba. Nimeusoma. Mafuta hakuna."

"Tumechanga kidogo, Ndugu Mkuu. Tunaweza kupanda basi kwenda, na kurudi tukaomba lifti."

Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka yote, kwamba chuo hiki hakitakwenda kumsindikiza mtu. Kwamba wakishajifunza kucheza ndipo watakapokwenda. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Sasa hapa chuoni, Ndugu Mkuu, tutajifunza kwa kucheza na nani?"

Sikuwa na jibu. Mkuu wa chuo asiye na jibu huwa na sauti, basi nikamwambia arudi darasani. Na Jumamosi ile ile ya mashindano, lori la chuo, ambalo halikuwa na mafuta, lilikwenda mjini kuchukua kreti za soda na bia kwa ajili ya mgeni wa heshima wa mahafali. Wasichana walikuwa wakipalilia bustani kando ya barabara lilipopita.

Muhula uliofuata kiwanja chao kililimwa mahindi. Niliandika katika ripoti kwamba ni utekelezaji wa Elimu ya Kujitegemea, na nilisifiwa. Yule mkufunzi aliomba uhamisho. Chuo changu kilikuwa kikitoa walimu zaidi ya 100 kila mwaka, wakienda kila wilaya, na kuanzia hapo hakuna hata mmoja wao aliyekwenda na uwezo wa kuwafundisha watoto mchezo ule. Hivyo ndivyo mchezo unavyokufa, ndugu msomaji, na mimi ndiye niliyekuwa na jembe. Watu hutafuta mkosaji mkubwa, Wahindi, Wazungu, nyasi bandia, na huku mkosaji ameketi ofisini anaandika ripoti.

Naona nimetaja nyasi bandia. Ni kweli, tangu Montreal 1976 mpira wa magongo wa Olimpiki umechezwa juu ya zulia la nyasi bandia, na kwa miaka mingi zulia hilo lilimwagiwa maji kabla ya mchezo ili mpira uteleze. Zulia ni ghali, na maji ya kunyunyizia kiwanja ni tusi mahali ambapo kina mama wanabeba ndoo. Jambo hili liliwaumiza hata India na Pakistan. India, waliokuwa wafalme, baada ya Moscow walikaa bila medali ya Olimpiki hadi Tokyo, michezo ya 2020 iliyochezwa 2021. Pakistan, mabingwa wa 1984, hawakufuzu kabisa kwa Rio, Tokyo wala Paris. Lakini India walirudi, wakapata shaba Tokyo na shaba tena Paris, na ukifuatilia utakuta kwamba mwaka 2018 serikali ya jimbo moja, Odisha, ilijitwika kuzidhamini timu za Taifa, na kwamba katika jimbo hilo ipo wilaya ya Sundargarh, ambako watoto wa vijiji vya watu wa makabila ya asili huanza na magongo ya mianzi waliyojikatia wenyewe. Kwa hiyo zulia lina umuhimu wake, lakini aliyeanza ni mtoto na mwanzi. Sisi tuna mianzi.

Sasa niingie katika lile linalonichoma zaidi, maana falsafa ya kinyozi wangu imewahi kuandikwa na kupigwa muhuri. Mwaka 2015 Afrika Kusini ilishinda mashindano ya Afrika ya kufuzu kwa Olimpiki ya Rio, wanaume na wanawake. Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo ikakataa kuzipeleka timu zote mbili. Sababu? Kufuzu kwa kuzishinda nchi za Afrika hakukuhesabiwa kuwa kipimo cha kutosha. Msomaji ataona jinsi tulivyotajwa hapo. Misri, Ghana, Kenya na wengine waliocheza katika mashindano yale hawakuwa kipimo. Na nafasi zilipoachwa hazikupewa waliofuata katika Afrika: ya wanaume ilikwenda New Zealand, ya wanawake ikaenda Hispania. Olimpiki ya 2016 ikachezwa bila timu moja ya mpira wa magongo kutoka bara hili zima. Tuliambiana sisi wenyewe kwamba hatufai, na wenzetu wakachukua viti vyetu bila hata kuomba radhi.

Baadaye mawazo yalibadilika, Afrika Kusini wakapeleka timu Tokyo. Walipoteza mechi nyingi. Wanawake wao walifungwa zote. Wasindikizaji! Ila wanaume wao walikutana na Ujerumani, taifa lililokuwa na dhahabu za magongo kabatini, wakawafunga 4 kwa 3. Mimi niliipata habari ile kwa simu ya mjukuu wangu, nikamwomba anisomee mara ya pili. Kama ile kamati ingebaki na msimamo wake wa 2015, bao la nne lile lingefungwa na nani?

Hata hivyo nawapa wapinzani wangu haki yao katika jambo moja, tena kubwa. Wanasema: nchi ambayo watoto wake wanakaa chini darasani ina kazi gani ya kulipa nauli za ndege ili ikafungwe? Mimi niliyesimamia walimu waende kwenye madarasa hayo siwezi kulidharau swali hili. Lakini nimeona msafara wa michezo ukiondoka na viongozi wengi kuliko wachezaji, kila kiongozi na mkoba wake, na huyo mchekaji hakusema kitu. Wakirudi, mchezaji ndiye anayeitwa msindikizaji. Nani alimsindikiza nani? Tukitaka kuokoa nauli tuanzie kwenye mikoba.

Vile vile sisemi kwamba ni vema kuwatupa vijana uwanjani bila maandalizi. Wale wa Moscow walikulia kwenye viwanja vya udongo na nyasi za kawaida, wakapelekwa kwenye zulia kukutana na watu waliozaliwa na gongo mkononi. Kama kuna wa kulaumiwa kwa mabao yale 18, ni sisi tuliowapeleka. Na kosa letu kubwa zaidi lilikuja baadaye, waliporudi. Mimi ni mpenzi wa mchezo huu na nilikuwa nikisoma magazeti yote mawili ya Kiswahili yaliyofika chuoni. Sikupata kuona mahali mchezaji mmoja ameulizwa: uliona nini kule? Wale Wahindi walisimamaje? Kona fupi waliipiga vipi? Watu 16 hivi walikuwa wamekwenda kwenye darasa ambalo hakuna Mtanzania mwingine amewahi kuingia, wakarudi na somo lote kichwani, nasi tukawauliza mabao tu. Na tangu 1980 nchi hii haijarudi Olimpiki katika mpira wa magongo.

Linganisha na kandanda. Taifa Stars ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka huo huo wa 1980 kule Nigeria, kisha ikakaa miaka 39 hadi 2019. Ilipokwenda Misri mwaka huo ilifungwa mechi zote tatu, na vicheko vilikuwa vile vile. Lakini safari ile watu hawakukubali kukaa tena miaka 39; timu ikafuzu tena kwa fainali za 2023, na huko ikapata sare mbili.

Yule nahodha wangu nilikutana naye mwaka 2009, nikiwa njiani kustaafu, katika semina ya walimu wakuu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniletea chai. Sikuwa na hakika kama anakumbuka, basi nikaanza mimi, nikamwambia kwamba siku ile mafuta yalikuwapo. Akasema, "Tulijua, Mwalimu. Tuliliona lori." Kisha akaniuliza habari za afya ya mama watoto.

Tulipokuwa tukiagana aliniambia kwamba wasichana wake wa darasa la sita wanacheza. Magongo wanakata kwenye miti ya mipera, kwa sababu ina matawi yenye kupinda vizuri kwenye ncha. Nikamuuliza wanacheza na shule gani. Akasema shule ya jirani, umbali wa kilomita 11, wanakwenda kwa miguu na kurudi jioni. Nikamuuliza wanashinda? Akacheka sana, akaziba mdomo kwa kanga yake, akasema bado, mwisho walifungwa 5, lakini mwezi uliotangulia zilikuwa 8.